Mnyama Asiyenena: Habari za Tiba ya Kufanana kwa Mbwa, Paka na Ng'ombe

Neno "-zima" katika lugha yetu hubeba mzigo mkubwa. Mkate mzima ni mkate usiomegwa. Mtu mzima ni yule aliyetimiza umri. Mgonjwa akipona twasema ni mzima sasa. Na hata aliye taabani kitandani, maadam angali anavuta pumzi, huitwa mzima, kinyume cha maiti. Basi uzima ni utimilifu, tena ni afya, tena ni uhai, na wazee waliotuachia lugha hawakuona haja ya kuyatenga mambo hayo kwa maneno mbalimbali. Katika lugha za Ulaya pia kuna undugu wa namna hiyo kati ya maneno ya kuponya na maneno ya ukamilifu, ila umefifia kwa kupita miaka, hata wasemaji wenyewe hawautambui mpaka waonyeshwe.

Kwa hiyo mwaka 1926 alipotokea mtu wa kuwakumbusha, alilazimika kuunda neno jipya. Mtu huyo ni Jan Smuts, jemadari wa Afrika ya Kusini, yule yule aliyeongoza majeshi ya Waingereza katika vita vya Afrika Mashariki mwaka 1916. Kitabu chake kiliitwa Holism and Evolution, na neno lake alilitoa katika Kiyunani, holos, ambalo maana yake ni "-zima" tu. (Msomaji aliyezisoma habari za vita vile atakumbuka ya kuwa farasi na nyumbu wa jeshi lake walikufa maelfu kwa maelfu kwa ugonjwa wa mbung'o.) Kutoka neno hilo wametokea siku hizi matabibu wa wanyama wasemao ya kuwa huwatibu mbwa na paka "kwa uzima wao": yaani hawatazami kidonda peke yake, bali chakula, malazi, uzee, hofu, na hata huzuni ya mnyama aliyefiwa na bwana wake. Mtu mwenye akili hawezi kulikataa neno hilo. Lakini chini ya mwavuli huo wamejikinga wengi wasiofanana, na mmoja wao, aliye mashuhuri kuliko wote, ni homeopathia. Habari zake kwa watu zimeandikwa mara nyingi. Habari zake kwa wanyama ni chache, nazo zina fundo moja ambalo kwa wanadamu halionekani vema.

"Dawa ya moto ni moto," wasema Waswahili. Mithali hiyo kwa kawaida hutumiwa kwa ugomvi na kisasi, lakini mkulima aonaye moto wa nyika unakuja huifanya kwa mikono yake: huchoma ukanda wa majani mbele ya shamba, na moto mkubwa ukifika haukuti cha kula. Fikira iliyo karibu na hiyo ndiyo aliyokuwa nayo Samuel Hahnemann, Mjerumani aliyezaliwa Meissen mwaka 1755. Mwaka 1790, alipokuwa akifasiri kitabu cha William Cullen, tabibu wa Scotland, alisoma habari za gome la sinkona, lililo asili ya kwinini. Akalijaribu mwilini mwake hali hana homa, akaona vidole vinapoa, moyo unakwenda mbio, mwili unatetemeka, mfano wa homa ya vipindi. Hapo akahukumu ya kuwa kitu kimtiacho mzima dalili za ugonjwa fulani chaweza kumponya mgonjwa mwenye dalili hizo hizo. Maoni hayo aliyatoa mwaka 1796, na mwaka 1810 akayapanga katika kitabu chake kikubwa, Organon. Jina la elimu yake alilitunga kwa maneno mawili ya Kiyunani, moja la kufanana na moja la maumivu. Sisi twaweza kuiita tiba ya kufanana.

Lakini aliongeza jambo la pili, nalo ndilo lililoleta ubishi mpaka leo. Dawa zake nyingine zilikuwa sumu, basi akazizimua. Tone moja la dawa hutiwa katika matone 99 ya maji au ya kileo, likatikiswa kwa nguvu. Kisha tone moja la mchanganyiko huo hutiwa katika matone 99 mengine. Na hivyo hivyo hata mara 30. Yeye alisema ya kuwa nguvu ya dawa haipungui kwa kuzimuliwa, bali huamka. Wataalamu wa kemia waliokuja baadaye walipiga hesabu wakaona ya kuwa ikipita mara ya 12 hivi, ni vigumu kusalia hata chembe moja ya kitu kilichotiwa mwanzo. Hapa ndipo mithali yetu inapoachana na Hahnemann: mkulima azuiaye moto kwa moto huwasha moto wa kweli, wala hafanyi kazi kwa kumbukumbu ya kaa lililozimika.

Hata hivyo tusiharakishe kumcheka. Yafaa kujua mgonjwa, awe mtu au farasi, alikuwa akipata nini kwa matabibu wengine wa siku zile. Chuo cha kwanza cha matabibu wa wanyama kilianzishwa na Claude Bourgelat huko Lyon, Ufaransa, mwaka 1761, na cha London kikafuata mwaka 1791. Lakini wanyama wengi hawakumwona mtu aliyetoka chuoni. Waliponywa, au waliuawa, na wahunzi wa kwato. Farasi mwenye homa alipasuliwa mshipa akatolewa damu nyingi. Aliyechechemea alichomwa mguu kwa chuma chekundu. Aliyeumwa tumbo alimiminiwa kooni, kwa pembe ya ng'ombe, dawa zenye zebaki na antimoni. Kuchoma kwa chuma si jambo geni kwetu, maana wafugaji wa bara hulifanya kwa ng'ombe wenye matezi yaliyovimba, na Waarabu wamelijua tangu kale. Lakini kuongeza juu yake kutoa damu na kunywesha zebaki, na mnyama amekwisha kudhoofika, hilo ni kumfukuza duniani.

Sasa akaja mtu wa tiba ya kufanana. Hakutoa damu. Hakuchoma. Aliagiza mnyama apumzishwe, apewe maji safi na majani mema, zizi lifagiliwe. Kisha akampa kidonge kidogo cha sukari kilicholowekwa katika dawa iliyozimuliwa. Na farasi wengi wakapona, naam, wengi kuliko wale wa muhunzi. Ushindi huo ulikuwa wa kweli, ila mshindi hakuwa kidonge. Mwili ulioachwa kuteswa ulipata nafasi ya kujitengeneza. Mimi naona ya kuwa hii ndiyo heshima kubwa ambayo historia haina budi kumpa Hahnemann: aliwafundisha watu wengi kuacha kudhuru, ingawa yeye mwenyewe alidhani anawafundisha jambo jingine.

Hahnemann alikaa Leipzig tangu mwaka 1811 hata 1821, na kutoka miaka hiyo imesalia hati ya mhadhara wake juu ya kuwatibu wanyama wa kufugwa kwa elimu yake mpya. Hapa ndipo fundo nililolitaja linapoanza. Tabibu wa tiba ya kufanana hufanya kazi kwa kuuliza, tena kuuliza sana. Maumivu huzidi asubuhi au jioni? Wapenda joto au baridi? Waota ndoto gani? Dawa huchaguliwa kwa majibu hayo, na mtu aweza kukaa na tabibu wake muda mrefu sana kwa mara ya kwanza. Lakini mbwa ataulizwa nini? Neno letu "hayawani" asili yake ya Kiarabu yatokana na uhai, lakini katika vinywa vya watu limekuwa jina la kiumbe asiyenena wala kufahamu. Kwa kuwa mgonjwa hasemi, tabibu humwuliza bwana wake. Na dawa ikiisha kutolewa, atakayesema kama imefaa ni nani? Ni bwana wake tena. Mnyama amekuwa na wakili ambaye hakumchagua, na wakili huyo ampenda, amelipa fedha, na angependa sana aone nafuu.

Aliyeipeleka mbele kazi hiyo ni Johann Joseph Wilhelm Lux, tabibu wa wanyama wa Leipzig, aliyezaliwa mwaka 1773 akafa mwaka 1849. Mwanzoni mwa miaka ya 1830 mtu mmoja wa Hungaria alimwomba dawa za magonjwa mawili yaliyokuwa yakimaliza wanyama: kimeta, na ule ugonjwa wa farasi wa kutoka kamasi puani, ambao huwapata na watu. Lux hakuwa na dawa ifananayo na magonjwa hayo. Akatoa shauri jingine: ichukuliwe damu ya mnyama mwenye kimeta, na kamasi ya farasi mgonjwa, vizimuliwe mara 30, wapewe wagonjwa. Yaani si dawa ifananayo na ugonjwa tena, bali ugonjwa wenyewe. Mwaka 1833 alitoa kitabu juu ya jambo hilo. Wafuasi wake husema hata leo ya kuwa Lux alitangulia kuigundua chanjo.

Madai hayo yastahili kupimwa kwa haki. Mwezi wa Mei mwaka 1881, huko Pouilly-le-Fort katika Ufaransa, Louis Pasteur aliwachanja kondoo 24, pamoja na mbuzi mmoja na ng'ombe kadha, kwa vijidudu vya kimeta vilivyodhoofishwa; kondoo 24 wengine wakaachwa bila chanjo. Tarehe 31 wote walitiwa kimeta chenye nguvu. Tarehe 2 Juni watu walipokusanyika kutazama, wale wasiochanjwa walikuwa mizoga, au walikuwa wakianguka mbele ya macho yao. Waliochanjwa walikuwa wakila majani. Kufanana na fikira ya Lux kupo. Lakini katika chanjo ya Pasteur kulikuwamo kitu, na mwili wa kondoo ulikijua ukajitayarisha. Katika tone la 30 la Lux hapakuwamo kitu. Tena Pasteur aliweka kundi la pili la kulinganisha, na hakuna mwenye kondoo aliyetakiwa kutoa ushuhuda wa nafuu.

Kabla ya hapo Uingereza ilikuwa imekwisha kupata jaribio lake kubwa. Mwezi wa Juni mwaka 1865 sotoka iliingia nchini, na watu wengi waliamini ya kuwa ililetwa na ng'ombe waliopakiwa Revel, mji uitwao sasa Tallinn, wakashushwa bandari ya Hull. Ikaonekana kwanza London, kisha ikaenea mashambani. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sotoka ni nini: hiyo ndiyo iliyowafilisi Wamasai katika miaka ya 1890 na 1891, hata taifa la wafugaji likafa njaa. John Gamgee, tabibu wa wanyama, aliwaonya Waingereza mapema ya kuwa hakuna dawa, na ya kuwa njia ni kuzuia ng'ombe wageni na kuchinja walioguswa. Wenye ng'ombe hawakupenda kusikia. Nani apendaye kuambiwa achinje? Kila mwenye chupa alikaribishwa, na watu wa tiba ya kufanana wakajitokeza pamoja nao, wakataja habari za ng'ombe waliopona Uholanzi, wakaomba nafasi ya kujaribu, wakapewa. Miezi ikapita, ng'ombe wakafa. Mwezi wa Februari mwaka 1866 Bunge lilitoa sheria ya kuchinja na kufunga njia, na baada ya hapo ugonjwa ulipungua upesi, ukaisha mwaka uliofuata. Dawa zote zilizotangazwa, za kufanana na zisizofanana, hazikuacha alama.

Mtu angetazamia ya kuwa tiba hiyo ingekwisha hapo. Haikuisha, kwa kuwa haikukaa zaidi katika magonjwa ya kuua upesi. Ilihamia kwa mbwa mzee achechemeaye, paka mwenye upele urudio kila mwaka, farasi mwenye hofu. Mwaka 1982 matabibu wa wanyama wa Uingereza waifuatao walianzisha chama chao. Magonjwa ya namna hiyo hupanda na kushuka yenyewe. Mwenye mbwa hamleti kwa tabibu siku mbwa anaporuka. Humleta siku mbaya kuliko zote, na siku mbaya kuliko zote mara nyingi hufuatwa na iliyo afadhali. Kidonge kikitolewa siku hiyo, sifa ni yake.

Hoja ya wafuasi, nayo husemwa mara kwa mara, ni hii: mtu aweza kupona kwa kuamini, lakini mbwa hajui kama amepewa dawa au sukari, basi mbwa akipata nafuu, dawa ni ya kweli. Hoja hiyo ina sura nzuri, na kwa muda mrefu haikujibiwa kwa kipimo. Mwaka 2012 wataalamu wa Marekani walichapa habari za mbwa 58 wenye kuchechemea kwa ugonjwa wa viungo, ambao katika jaribio la dawa walikuwa wamepewa kitu kisicho dawa. Mbwa hao walitembezwa juu ya ubao upimao nguvu ambayo kila mguu hukanyagia chini, na ubao huo haumpendi mbwa wala haumchukii. Kisha wenye mbwa wakaulizwa, na matabibu wakaulizwa. Kwa wenye mbwa, mara 57 katika 100 hivi nafuu ilisemwa ambayo ubao haukuionyesha. Na matabibu, wenye elimu yao? Mara 40 hata 45 katika 100. Basi ni kweli ya kuwa mbwa haamini kidonge. Aaminiye ni yule amtazamaye.

Ndiyo maana siku hizi dawa ya mnyama hupimwa kwa siri: makundi mawili, moja lipewe dawa, jingine lipewe kitu kisicho dawa, wala mtoaji na mtazamaji wasijue ni lipi. Homeopathia imepita katika mizani hiyo mara nyingi. Huko Norway ng'ombe wa maziwa wenye ugonjwa wa kiwele walijaribiwa hivyo, habari zikatolewa mwaka 2004, na dawa ya kufanana haikushinda kitu kisicho dawa kwa kiasi cha kutegemewa. Kwa haki nitaje na habari ya upande wa pili: mwaka 2010 wataalamu wa Uholanzi walieleza ya kuwa vitoto vya nguruwe ambao mama zao walipewa dawa ya namna hiyo waliharisha kidogo kuliko wengine, na jaribio lao lilifanywa kwa uangalifu. Lakini jaribio moja jema lipasalo kurudiwa si msingi wa kujengea nyumba, na majaribio yote yalipokusanywa pamoja hayakutoa ushuhuda ulio imara. Mwezi wa Novemba mwaka 2017 baraza la kifalme la matabibu wa wanyama wa Uingereza lilitangaza ya kuwa homeopathia haina msingi wa elimu ulio thabiti, na ya kuwa tiba za namna hiyo zisishike mahali pa tiba zenye ushuhuda, wala zisizicheleweshe.

Pana kosa moja ambalo wasemaji wa Kiswahili hulifanya, na chanzo chake ni lugha. Husikia homeopathia ikiitwa "tiba ya asili", wakaihesabu pamoja na mitishamba. Navyo ni vitu viwili vilivyo mbali. Katika mitishamba mna kitu, tena pengine kikali. Shubiri huharisha kweli. Mwarobaini, uitwao hivyo kwa sababu husemwa kuwa huponya maradhi arobaini, una mafuta yafukuzayo wadudu, na wafugaji hawakosei wanapoyapaka penye kupe. Lakini kwa kuwa mna kitu, madhara nayo yamo. Watu hudhani kitunguu saumu ni dawa ya minyoo ya mbwa, wakamlisha. Kumbe jamii yote ya vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na ya paka zaidi. Ini la paka halina nguvu ya kuvunja vitu vingi ambavyo mtu huvimeza bila shida. Kidonge kimoja cha maumivu kiitwacho paracetamol, kiponyacho kichwa cha bwana wake, chaweza kumwua. Kidonge cha kufanana kilichozimuliwa mara 30 hakitamwua paka. Hatari yake ni ya namna nyingine, nayo ni wakati unaopotea.

Hatari hiyo haionekani mahali popote kama katika kichaa cha mbwa. Mwaka 1833, mwaka ule ule wa kitabu cha Lux, Constantine Hering, tabibu wa Kijerumani aliyehamia Marekani, alitengeneza dawa ya kufanana kwa mate ya mbwa mwenye kichaa. Dawa hiyo ingali yatajwa katika vitabu vyao, na wako waitoao kwa mbwa badala ya chanjo. Tena iko sababu ya watu kudhani ya kuwa yafaa. Si kila aumwaye na mbwa mwenye kichaa hupatwa na ugonjwa. Walio wengi huokoka, na ugonjwa wenyewe hujificha majuma au miezi kabla ya kutokea. Basi mganga wa hirizi, mtoaji wa kidonge, na muuza jiwe la kunyonya sumu, kila mmoja aweza kuwaonyesha watu kadha walioumwa wakapona mikononi mwake. Wale wachache ambao ugonjwa uliwatokea hawako wa kuonyeshwa, maana dalili zikiisha kuonekana, karibu wote hufa. Na siku ya kuumwa hakuna ajuaye yeye ni wa kundi lipi. Jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, na mtu aende akapate sindano siku hiyo hiyo. Pasteur aliifanya kwa mara ya kwanza kwa mtoto Joseph Meister mwezi wa Julai mwaka 1885, na tangu hapo imetengenezwa ikawa bora na nyepesi.

Makisio yaliyotolewa mwaka 2015 yalihesabu watu 59,000 hivi wanaokufa kila mwaka duniani kwa ugonjwa huu, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na wengi wao wakiwa Asia na Afrika. Nao waweza kukomeshwa kwa kumtibu mbwa kabla hajaugua: wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Hayo yamejaribiwa karibu na Serengeti, na yamejaribiwa kisiwani Pemba, ambako mbwa si wengi na watu wengi, kwa desturi na kwa dini, hawamwingizi nyumbani. Huko kichaa kilitoweka kwa kitambo, kikarudi mwaka 2016, na kwa kuchanja tena kikaondolewa mwaka 2018. Wataalamu walifuata kila habari ya mtu aliyeumwa, wakamtafuta mbwa aliyeuma na mbwa aliyemwuma yule, na vijidudu vilivyopatikana katika bongo za mbwa waliokufa vikasomwa chembe kwa chembe, hata ikajulikana ya kuwa ugonjwa uliingia kisiwani zaidi ya mara moja kutoka ng'ambo.